Shimo msituni: Aliyelichimba ni nani, na anayeishi humo ni nani?

Na Mwandishi Wetu

MAFUNDI waliokuwa wakichimbia nguzo za uzio katika kiwanja cha rafiki yangu, nje kidogo ya mji wa Kisarawe, waliacha kazi ghafla asubuhi moja na kumpigia simu. Walikuwa wamekuta shimo ambalo hawakulichimba wao.

Shimo lenyewe lilikuwa chini ya kichuguu cha zamani, mahali mikorosho inapokoma na kichaka kinachoelekea Msitu wa Pugu kinapoanza. Mdomo wake ulikuwa na upana wa kama sentimita 40, na ndani liliteremka kwa mshazari hadi macho yakashindwa na giza.

Hadi kufika saa nne palikuwa na maoni manne. Fundi mkuu alisema ni la fisi. Msaidizi wake alishikilia kuwa ni la chatu. Kijana wa tatu alikumbusha uvumi wa siku nyingi kwamba Wajerumani walipokimbia walifukia mali huko porini, na kwa hiyo huenda kuna watu wanaichimbua usiku. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa akipita na baiskeli yake, alisimama, akatazama kwa kitambo, akasema kuwa mashimo ya namna hiyo tangu utoto wake anayajua kuwa ni ya muhanga.

Pamoja na kutofautiana kote huko, vijana watatu walikubaliana juu ya dawa: petroli lita tano, njiti moja ya kiberiti, kisha shimo lifukiwe na kazi iendelee. Rafiki yangu ndipo aliponipigia simu, akijua kuwa nimewahi kuandika habari za wanyamapori. Nilimwomba asubiri siku mbili.

Kisa hiki si cha mtu mmoja. Jiji la Dar es Salaam limetanuka hadi kufikia mashamba na misitu ambayo miaka 30 iliyopita ilihesabiwa kuwa ni safari. Watu wa Chanika, wa Pugu, na wale wanaopakana na Msitu wa Pande sasa wanajenga nyumba mahali ambapo wanyama walikuwa wamejenga za kwao. Mtu aliyezaliwa Kariakoo au Magomeni akikuta tundu kubwa ardhini, hana babu wa kumuuliza.

Jambo la kwanza ambalo msomaji anapaswa kulijua ni kwamba swali la nani amechimba shimo na swali la nani anaishi ndani yake ni maswali mawili tofauti, na mara nyingi majibu yake hayafanani. Porini wachimbaji ni wachache na wapangaji ni wengi.

Mchimbaji mkuu wa mashimo makubwa katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Jangwa la Sahara ni huyo huyo aliyetajwa na yule mzee: muhanga. Ni mnyama wa ajabu kwa umbo, mwenye masikio marefu kama ya punda, pua ndefu kama ya nguruwe na mkia mnene unaoburuzika. Uzito wake kwa kawaida ni kilo 40 hadi 65, na wengine huzidi hapo. Miguu ya mbele ina vidole vinne vyenye kucha mfano wa jembe, na ya nyuma ina vitano. Wengi wetu hatujamwona kwa sababu hutoka usiku, na akistuka hujizika ardhini kwa kasi ambayo mtu mwenye sululu hawezi kuifuata.

Chakula chake ni mchwa na sisimizi. Kila usiku hutembea kilometa kadhaa, akichimbua hapa na pale, na kwa hiyo alama zake hazipatikani kwenye shimo la kulala peke yake. Ukiona katika eneo moja vishimo vingi vifupi vilivyochongwa kwa nguvu ubavuni mwa vichuguu, vikiwa na mikwaruzo ya kucha kwenye udongo mgumu, basi muhanga amepita hapo akitafuta kula. Hayo ni mashimo ya chakula, na hakuna anayelala humo.

Shimo la kulala ni refu, huweza kufikia mita kadhaa na kuwa na kona. Mbele yake huwa na lundo la udongo uliotupwa nyuma kwa miguu. Muhanga haishi katika shimo moja. Huhama, huchimba jingine, na baada ya miezi au miaka huenda akarudia lile la zamani. Lile aliloliacha halikai bure.

Orodha ya wapangaji wake ni ndefu. Ngiri hulala humo. Nungunungu hulipanua na kuliongezea vyumba. Fisi, bweha, nguchiro, kakakuona, kenge, bundi wa aina fulani, popo na nyoka, wote wamekutwa katika mashimo yaliyoanza kwa kucha za muhanga. Kwa lugha ya mjini tungesema kuwa muhanga ni mwenye nyumba asiyedai kodi.

Kwa sababu hiyo, upana wa mdomo wa shimo, ambao ndio kipimo cha kwanza kila mtu anachokitumia, humweleza mchunguzi habari za mchimbaji tu, tena kwa kukadiria. Tundu lisilozidi upana wa kiganja, lenye milango kadhaa katika kichuguu kimoja, mara nyingi ni la nguchiro, ambao aina zao nyingine huishi kwa makundi. Shimo la upana wa sentimita 10 hadi 15 chini ya mizizi ya mti, karibu na shamba la mahindi au michikichi, linaweza kuwa la panya buku. Chungu ya udongo mbichi isiyo na tundu lolote juu yake ni kazi ya fuko, ambaye husukuma udongo nje na kuuacha mlango umezibwa. Vishimo vya duara vilivyo juu kwenye ukuta wa korongo ni vya ndege kama mdiria, wala si vya nyoka kama watoto wanavyoambiana.

Kuhusu nyoka, niseme wazi kwa kuwa ndilo jina la kwanza kutajwa kila shimo linapoonekana. Nyoka wetu wakubwa, yaani chatu, koboko, swila na kifutu, hawana miguu wala kucha na hawachimbi mashimo ya namna hii. Huingia katika mashimo ya wengine. Msaidizi wa fundi hakukosea kuogopa, ila alikosea kumpa chatu sifa ya kazi asiyoiweza.

Nguruwe pori naye husingiziwa. Yeye hufukua ardhi kwa pua akitafuta mizizi, na huacha eneo zima limevurugwa kama lililolimwa na mlevi, lakini haishi shimoni. Anayeishi shimoni ni ngiri, ambaye ni mnyama mwingine na hutoka mchana. Ngiri mkubwa huingia kinyumenyume ili meno yake yabaki yameelekea mlangoni. Asubuhi hutoka kwa mbio, bila kubisha hodi, na mtu aliyechuchumaa mlangoni akichungulia anaweza kuchanwa vibaya. Alama zake ni kwato mbili zilizogawanyika, na mara nyingi matope yaliyokauka kwenye kingo za shimo, kwa kuwa hupenda kugaagaa.

Nungunungu ndiye rahisi kumtambua kuliko wote, iwapo mtu atatazama chini badala ya kutazama ndani. Huangusha miiba yake myeupe na myeusi njiani. Huguguna mifupa mikavu ili apate madini na kunoa meno yake yasiyoacha kukua, na huibeba mpaka nyumbani, hivyo mlangoni mwake hukutwa mifupa yenye mistari ya meno mapana. Wakazi wa Pwani wanamfahamu zaidi kwa wizi wa muhogo. Imani ya kwamba hurusha miiba kama mishale haina ukweli. Hurudi nyuma kwa ghafla na kumdunga adui, na miiba hubaki mwilini mwa huyo adui kwa kuwa hung'oka kwa urahisi.

Mifupa mlangoni, kwa hiyo, si ushahidi wa fisi. Ushahidi wa fisi madoadoa ni choo chake, ambacho kikikauka huwa cheupe kama chokaa kwa sababu ya mifupa aliyoisaga tumboni, na nyayo za vidole vinne zenye alama za kucha. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba ndani ya shimo la fisi wenye watoto huwa na njia nyembamba ambazo fisi mkubwa hawezi kupita. Watoto hukimbilia humo wanapovamiwa, na mama humwita mtoto atoke nje anyonye.

Kakakuona ana kisa chake. Huyu hutembea kwa miguu ya nyuma, mkia ukiwa juu au ukigusa ardhi kidogo, na hupenda kulala katika mashimo ya muhanga kwa kuwa wote wawili wanakula mchwa na sisimizi. Katika sehemu nyingi za Tanzania anapojitokeza kijijini watu humkusanyikia, humwekea maji, nafaka na silaha, kisha hutazama anakielekea kipi ili wabashiri mvua, mavuno au vita. Heshima hiyo haikumwokoa na wafanyabiashara wa magamba. Mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, CITES, ziliziweka aina zote nane za kakakuona katika daraja la juu la ulinzi, na biashara ya kimataifa ya wanyama hao ikapigwa marufuku. Kumwaga petroli katika shimo bila kujua kilichomo kunaweza kumfanya mwenye kiwanja aliyetaka uzio tu awe ameua mnyama wa kundi hilo.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda wala kuua mnyamapori bila kibali, na kwamba mnyama yumo ndani ya kiwanja chenye hati si kibali. Mahali pa kupeleka taarifa ni ofisi ya kijiji au mtaa, ambayo humwita afisa wanyamapori wa wilaya. Ndani ya msitu wa hifadhi wenyewe, wenye mamlaka ni Wakala wa Huduma za Misitu.

Lakini petroli ina ubaya mwingine usiohusiana na sheria. Shimo lenye kona huhifadhi mvuke, na mvuke ukishika moto hurudi kwa aliyewasha. Kuingia na tochi pia ni hatari. Udongo wa kichanga wa Pwani hubomoka, na hewa ya mwisho wa shimo refu ni nzito. Watoto ndio wanaopaswa kukatazwa kwanza, kwa kuwa mwili wao unaenea.

Kuna pia hatari ndogo ndogo zisizoonekana. Katika mashimo ya ngiri huishi papasi, kupe laini ambao hujificha kwenye nyufa na huweza kukaa muda mrefu sana bila kunyonya damu. Baadhi yao hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika. Ngiri wenyewe hawaugui. Nguruwe wa kufugwa wakiambukizwa, wanaweza kufa karibu wote katika banda. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya, katika taarifa iliyochapishwa mwaka 1921, baada ya nguruwe wa walowezi kufa kwa wingi. Hauambukizi binadamu, lakini mfugaji mwenye nguruwe kumi pembezoni mwa mji anaweza kulala tajiri akaamka maskini. Kwake yeye, kujua kama shimo la jirani ni la ngiri au la nungunungu ni suala la mtaji.

Aidha, bweha na nguchiro wanaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa na mnyama yeyote wa mashimoni anatakiwa kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Aliyeumwa na nyoka hapaswi kuchanjwa kwa wembe wala kufungwa kamba ya kukata damu. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali. Na katika wilaya ya Lushoto, ambako tauni ilizuka mwaka 1980 na kurudi mara kadhaa katika miaka iliyofuata, panya waliokufa karibu na mashimo yao hawaguswi kwa mkono mtupu, kwa kuwa viroboto vyao huhama.

Isidhaniwe kuwa kila kilichomo shimoni ni adui. Panya buku, ambaye mjini ni neno la matusi, ameipa Tanzania sifa. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, shirika la APOPO limewafundisha panya hao kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alizaliwa Tanzania akapelekwa Cambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA, na alikufa Januari 2022. Tabia ile ile ya kuzunguka akinusa na kuweka akiba katika vyumba vya shimo lake ndiyo iliyomfanya afundishike.

Na muhanga mwenyewe anahitajiwa na wengi. Kuna tango pori moja linalozaa matunda yake chini ya ardhi, ambalo kwa kusambaza mbegu hutegemea muhanga alifukue, alile na kufukia kinyesi chake chenye mbegu mahali pengine. Wakati wa ukame mkali uliolikumba eneo la Kalahari mwaka 2013, watafiti waliokuwa wamewawekea muhanga vifaa vya kupima joto la mwili waliona wengi wao wakikonda, wakitoka mchana kutafuta chakula kinyume cha desturi yao, na hatimaye kufa. Wasiwasi wa watafiti ulikuwa juu ya wapangaji pia: ardhi ikizidi kuwa na joto na mchimbaji akatoweka, hao wengine watajificha wapi.

Nirudi Kisarawe. Tulipofika na rafiki yangu jioni ile, jambo la kwanza lilikuwa kutazama kama shimo linatumika. Shimo lililohamwa huwa na utando wa buibui mlangoni, majani makavu yaliyojikusanya na nyasi zinazoota kwenye lundo la udongo. Hili halikuwa na utando. Lundo lake la nje, hata hivyo, lilikuwa gumu, limeota nyasi na kumomonyolewa na mvua. Maana yake ni kwamba mchimbaji aliondoka zamani, na anayeishi humo sasa ni mwingine. Mikwaruzo mirefu ya kucha iliyobaki kwenye dari la mdomo ilimpa ushindi yule mzee wa baiskeli.

Tukafanya kitu ambacho hakina gharama. Tulichekecha majivu ya jikoni tukayatandaza mbele ya mlango, unene wa kama sarafu, kisha tukasimamisha vijiti vitatu vyembamba kuvuka tundu. Vijiti hueleza mwelekeo: vikilala kwa nje, kuna aliyetoka, vikilala kwa ndani, kuna aliyeingia. Majivu hueleza jina. Ni muhimu kufanya hivyo kabla ya jua kuzama, usimame pembeni wala si mbele ya mdomo, na kuondoka kabisa, kwa kuwa harufu ya watu wanaosubiri humfanya mwenyeji aahirishe safari zake. Siku hizi watafiti hutumia kamera zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita, lakini majivu hayahitaji betri.

Alfajiri ya kesho yake vijiti vyote vilikuwa vimelala kwa nje. Juu ya majivu palikuwa na nyayo pana zenye kisigino, zinazofanana kidogo na za mtoto mchanga, na pembeni yake mistari myembamba kana kwamba mtu amepitisha ufagio mkavu. Hatua nne kutoka mlangoni, rafiki yangu aliokota mwiba wenye pete nyeupe na nyeusi. Hapo ndipo alipokumbuka kuwa jirani yake amekuwa akilalamikia muhogo tangu masika.

Tulirudia majivu usiku wa pili. Nyayo za nungunungu zilikuwapo, za wawili, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenzake. Kulikuwa pia na alama za kiumbe mdogo aliyepita juu yake baada ya wao kurudi, zenye vidole vitano na kucha ndefu, zikiingia ndani bila kutoka. Yule mzee alizitazama, akasema huyo ni nguchiro.

Mafundi walirudi kazini Jumatatu. Nguzo tatu za uzio zilisogezwa mita sita kuelekea mikoroshoni, kichuguu kikabaki nje, na matawi ya miiba yakawekwa upande wa njia ili watoto wasiteleze humo. Kijana wa mali ya Wajerumani bado anaomba aruhusiwe kuingia na tochi.